Kutumwa na Kujituma

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya ukarani wa masijala katika ofisi moja ya wilaya. Kazi ya masijala ni kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kuzitia katika majalada. Karani wa masijala haamui neno, lakini huona mengi, maana kila karatasi hupita mikononi mwake, ya kuja na ya kwenda. Kati ya majalada niliyoyatunza, lipo moja ambalo sijalisahau mpaka leo.

Lilikuwa jalada la maji. Kijiji kimoja kiliandika kwamba pampu ya mkono ya kisima chao imeharibika. Hawakuomba kisima kipya. Kilichokuwa kimekufa ni kile kipande cha ngozi kinachokaa ndani ya bomba na kuyavuta maji yapande juu. Kilikuwa kimelika, na pampu ikawa inavuta upepo mtupu. Barua ile ilipelekwa kwa ofisa mmoja, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Tafadhali shughulikia." Aliyepelekewa akaandika: "Je, fungu lipo?" Ikaenda kwa mhasibu, naye akaandika: "Mwombaji alete makisio." Ikarudi masijala, nikaitia jaladani, nikalifunga. Mwenyekiti wa kijiji akaandika tena, na baadaye tena. Miezi 14 ikapita.

Mwezi wa 15 fundi viatu wa kijiji kile alichoka. Alizilegeza nati za pampu, akakitoa kile kipande kilicholika, akakata kingine mfano wake kutoka katika ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akishonea makubazi, akakiloweka katika mafuta, akakirudisha mahali pake. Maji yakatoka. Mwenyekiti, kwa furaha na kwa uaminifu wake, akaiandikia ofisi kuieleza kwamba ile shida imekwisha, na namna ilivyokwisha.

Barua hiyo ndiyo iliyojibiwa. Ilijibiwa kwa siku 9. Nakala ya majibu niliitia jaladani kwa mkono wangu mwenyewe. Ilimtaka mwenyekiti ajieleze kwa nini alimruhusu mtu asiyehusika kuchezea mali ya umma bila idhini, na ikamwonya kwamba jambo hilo likitokea tena atachukuliwa hatua.

Mwaka uliofuata pampu iliharibika mara ya pili. Safari hii hakuna aliyeigusa. Fundi viatu alikuwapo, ngozi ilikuwapo, na mwenyekiti alikuwapo. Wanawake wakarudi lamboni, wakawa wanachota maji mahali pale pale walipokunywa ng'ombe.

Sasa tuulizane, msomaji: katika kisa hiki kiongozi alikuwa nani? Wenye vyeo walikuwa wengi. Walikuwapo wenye meza, wenye mihuri na wenye wino mwekundu. Lakini kama kuongoza ni kwenda mbele ili wengine wafuate, aliyekwenda mbele ni mmoja tu, na huyo hakuwa na cheo chochote zaidi ya ujuzi wake wa kushona viatu. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri maelekezo.

"Tunasubiri maelekezo kutoka juu." Sentensi hii nimeisikia maisha yangu yote. Nimeisikia kwa wakuu wa shule ambao paa la darasa limeinuliwa na upepo. Nimeisikia kwa waganga wa zahanati ambao kitasa cha stoo ya dawa kimevunjika. Nimeisikia kwa wenyeviti wa mitaa ambao mtaro umeziba na mvua za masika ziko mlangoni. Husemwa kwa sauti ya upole, kana kwamba anayeisema ni mtu mtiifu sana. Nami nasema hapana. Mara nyingi huo si utii. Ni njia ya kumsukumia mwingine mzigo ambao wewe umepewa mshahara, au umepigiwa kura, ili uubebe.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi tunaoisema. Kutokana na neno kutuma tumepata mtumwa, naye ni yule anayetumwa na hana hiari. Tumepata mtumishi, naye hutumika kwa ujira na kwa heshima. Tumepata mtume, ambaye hutumwa na Aliye juu ya wote. Lakini tumepata pia neno kujituma, na hapo anayetuma na anayetumwa ni mtu yule yule. Anayejituma hana wa kumsingizia mambo yakiharibika. Hawezi kusema, "Niliambiwa." Ndiyo maana kujituma ni kugumu, na ndiyo maana naamini kwamba uongozi huanzia hapo. Mtu asiyeweza kujituma anaweza kuwa mtumishi mwema, tena wa kusifiwa, lakini ukimpa uongozi umemwonea yeye, na umewaonea zaidi wale walio chini yake.

Wapo watakaosema kwamba ugonjwa huu tumeurithi. Ni kweli kwa sehemu yake. Wajerumani walitutawala kwa maakida, na akida alikuwa mtu wa kupokea amri juu na kuishusha chini. Waingereza walipokuja wakatengeneza mamlaka za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, lakini mtemi au jumbe aliyeanza jambo lake bila kumpendeza Bwana Shauri hakukaa sana. Hata hivyo, wakoloni waliondoka zamani. Mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru ni mzee leo, ana wajukuu. Hatuwezi kuendelea kumtaja akida kila barua inapolala jaladani. Mengine tumejifanyia wenyewe, na afadhali tuyataje.

Chukua habari ya Litowa, katika Wilaya ya Songea. Mwaka 1960, kabla hata bendera yetu haijapanda, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini kuanzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Mara ya kwanza walishindwa. Chakula kilikwisha na wengi wakarudi makwao. Mwaka 1961 wakaanza upya. Hapakuwa na waraka uliowatuma, wala bwana shamba aliyewapangia safu za mahindi. Walikosea, wakakaa mkutano, wakasahihisha. Vijiji vingine vikaja kuona, vikaiga, na mwaka 1963 wakaunda chama chao cha maendeleo cha Ruvuma. Wakapata kinu cha kusaga, kiwanda cha mbao na karakana. Wakajenga shule iliyofundisha watoto maisha ya kijiji chao, wakawatafutia watoto wadogo chakula bora.

Mwalimu Nyerere aliwapenda. Alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, mfano wa Litowa ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini wakubwa wengine wa mkoa na wa chama hawakuwapenda, na sababu si ngumu kuielewa. Wanakijiji wale walikuwa na tabia mbaya ya kuuliza. Ofisa akija na agizo, walitaka kulijadili kwanza. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao, na vinu, magari na karakana vikachukuliwa.

Linalouma zaidi ni lililofuata. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena ila ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 nchi nzima iwe imehamia. Watu wakahamishwa kwa mamilioni. Mahali pengine nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Yaani jambo ambalo watu wa Ruvuma walilianza kwa hiari yao, likapigwa marufuku, miaka minne baadaye likaamriwa kwa nguvu kwa watu ambao hawakulianza! Fikiri, msomaji, mtu wa kawaida alijifunza nini katika mambo hayo mawili. Alijifunza kwamba kosa halikuwa kuishi pamoja. Kosa lilikuwa kutangulia.

Na hatukuishia hapo. Mwaka 1972 tulizivunja serikali za mitaa, na mwaka 1976 tukavivunja vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa jasho lao tangu enzi za mkoloni. Mwalimu, kwa ukweli wake usio wa kawaida kwa watawala, alikiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya asingeyafanya mambo hayo mawili. Sheria za kuvirudisha vyote zilikwisha kupitishwa mwaka 1982. Lakini sheria hurudisha majengo, vyeo na mihuri. Haiwezi kumrudisha haraka yule mtu aliyekuwa amezoea kuanza. Huyo alikuwa amekwisha kufundishwa kukaa chini, na amewafundisha wanawe.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu wetu hawana moyo wa kujituma, namkatalia. Tazama usafiri wa Dar es Salaam. Kabla ya mwaka 1983 kubeba abiria mjini ilikuwa haki ya shirika la umma, UDA, na mabasi yake hayakutosha. Watu wenye vibasi vyao wakaanza kubeba abiria kwa kuvizia, huku wakikimbizana na polisi. Wakubwa walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuendelea kuwakamata, na sheria ilikuwa upande wao. Mwaka huo wa 1983 serikali ikachagua njia ya pili, ikawaruhusu wabebe kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la daladala, ambalo linatubeba mpaka leo, pamoja na misukosuko yake yote. Waliojituma walikuwa wenye vibasi. Lakini hata yule aliyesema "waacheni, wapeni leseni" alijituma kwa namna yake, maana kuendelea kukamata kusingemgharimu kitu.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunakosea hapa. Tunadhani kiongozi anayejituma ni yule anayetoa amri nyingi na za haraka. Tunampenda kiongozi wa kushtukiza. Anashuka garini na wapiga picha nyuma yake, anaingia ofisini saa mbili na dakika moja asubuhi, anafunga mlango kwa kufuli ili wachelewaji waaibike, anamsimamisha mtu kazi jukwaani mbele ya umati, na umati unapiga makofi. Nami huuliza: kesho yake, katika ofisi ile, nani atathubutu kuamua jambo? Kila mtu atataka karatasi iliyotiwa saini na aliye juu yake, ili siku ya kushtukizwa awe na pa kujifichia. Kiongozi yule ameondoka akidhani ameamsha watu, kumbe ameacha nyuma yake majalada mengine mia ya kusubiri. Amejituma peke yake kwa kuwakataza wengine wote wasijitume.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana hoja zao si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni ya nidhamu. Wanasema: kila mtu akianza lake patakuwa na vurugu. Hilo ni kweli, na mfano upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walijiundia ulinzi wao wa Sungusungu. Walijituma, na wezi wakaona moto. Lakini katika moto huo huo wapo waliotuhumiwa uchawi, wakateswa na kufukuzwa vijijini bila hukumu ya haki. Sitaki kuficha hilo. Ila tazama tofauti. Fundi viatu wetu alikata ngozi yake mwenyewe. Kama angekosea, pampu ingebaki mbovu kama ilivyokuwa, na hasara ni ngozi tu. Alifanya mchana, mbele za watu, na habari ikaandikwa kwa wakubwa siku zile zile. Anayejituma kwa haki huanza na kilicho chake, hufanya hadharani, na yuko tayari kuulizwa. Anayeanza na shingo ya mwenzake hajajituma. Huyo amejitawaza. Kiongozi mwema anazijua tofauti hizo, na kazi yake ni kumzuia wa pili bila kumtisha wa kwanza.

Hoja ya pili ni ya utaalamu. Wanasema: mambo haya yana wenyewe waliosomea. Majirani zetu wa Kenya wanaijua hoja hiyo. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alipoanza kupanda miti na wanawake wa vijijini, maofisa misitu walimwambia kwamba kupanda miti kunahitaji wenye vyeti. Wanawake wale walikuwa wakipanda mahindi na maharagwe tangu utoto wao. Walijua mbegu ni nini na udongo ni nini. Wakaendelea, na miti yao leo inahesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 1989 mama huyu aliposimama kupinga jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alitukanwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa, bustani ipo, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Siukatai utaalamu. Mtaalamu aliyekuja kumwonyesha fundi viatu namna bora ya kukata ngozi angekuwa rafiki yake. Tuliomletea sisi ni onyo.

Hoja ya tatu ni ya umaskini. Wanasema: tungeanza, lakini hatuna fedha. Kwa mambo makubwa nakubali. Hakuna kijiji kitakachojijengea hospitali ya rufaa kwa michango ya kuku. Lakini rudi kwenye jalada langu uhesabu. Karatasi, wino, muda wa maofisa watatu, mhasibu na karani mmoja, kwa miezi 14, viligharimu zaidi ya ile ngozi mara nyingi sana. Fedha ya kusubiri tulikuwa nayo.

Basi tufanye nini? Mimi si mtunga sheria, nami sitaandika waraka wa kuwaagiza watu wajitume, maana hapo nitakuwa nimejipinga mwenyewe. Naomba jambo dogo. Tunapomchagua mtu, au tunapompima aliyekwisha kuchaguliwa, tuache kwanza kumwuliza ana vyeti vingapi na anajuana na nani. Tumwulize maswali mawili. La kwanza: ni jambo gani uliloanza bila kuagizwa, ukalibeba mwenyewe mpaka mwisho? La pili ni zito kuliko la kwanza: ni nani aliye chini yako aliyeanza jambo bila kukuomba ruhusa, na ulimfanya nini? Swali la kwanza wengi watalijibu, hata kwa kujisifu. La pili litawanyamazisha. Na kiongozi asiyeweza kumtaja hata mtu mmoja aliyejituma chini yake akabaki salama, huyo hata akiwa hodari namna gani, amekwisha kuanza kuizima nchi katika eneo lake.

Nimewasema wakubwa kwa maneno mengi. Haifai nimalize bila kujisema. Jalada lile lilikuwa katika kabati langu. Kila barua ya mwenyekiti niliisoma kabla ya wakubwa kuisoma. Ofisi ya mhasibu ilikuwa mlango wa tatu kutoka wangu. Ningeweza kuinuka, nikatembea hatua 20, nikasema: "Mzee, watu hawa wanaomba kipande cha ngozi tu." Hakuna ambaye angenifukuza kazi kwa hilo. Pengine angenikaripia. Pengine angecheka, akatoa mfukoni fedha ya ngozi. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba mimi ni karani na sikutumwa.

Na ile barua ya onyo ilipotoka, mimi ndiye niliyeitia katika bahasha na kuilamba gundi. Siku hiyo nilijiona mfanyakazi mwaminifu. Barua iliwahi posta kabla ya saa sita.